VPN kwa mkazi wa Nairobi: iwashe lini, izime lini, na uiweke vipi

Matangazo ya VPN yana chumvi nyingi. Ukiyasikiliza utadhani kila anayefungua simu yake Tom Mboya Street bila VPN keshaibiwa pesa za benki. Si kweli. Tovuti nyingi siku hizi, za benki zikiwemo, hufumba mazungumzo yake na simu yako kabla hayajatoka hewani. Ndiyo kazi ya zile herufi https mwanzoni mwa anwani. Mwenye Wi-Fi hawezi kusoma nenosiri lako kwa kukaa tu na kutazama.

Anachoweza kuona ni unakokwenda. Majina ya tovuti, saa uliyoingia, umetumia data kiasi gani, programu ipi ya simu inazungumza na kampuni ipi. Hapo ndipo VPN, yaani mtandao pepe wa faragha, inapoanza kuwa na maana. Mwongozo huu nimemwandikia mtu mwenye simu ya Android ya bei ya kawaida, bando la kuhesabu, na pengine laptopu inayotegemea hotispoti ya simu hiyo hiyo. Mwenye iPhone atafuata vilevile. Vitufe na baadhi ya mipangilio vitatofautiana.

Kinachotokea ukiiwasha

Chukua mfano wa barua unazotuma kwa gari kutoka ofisi za vifurushi pale Accra Road. Bahasha imefungwa, karani hasomi ndani, lakini anwani anaiona: hii ya daktari fulani, hii ya wakili, hii ya kampuni ya mikopo. Akitaka, mwisho wa mwezi anajua habari zako nyingi bila kufungua bahasha hata moja. Ukiwa na VPN, barua zote zinaingia ndani ya mfuko mmoja uliofungwa, na mfuko una anwani moja tu, ya wakala aliye Johannesburg. Karani anaona mfuko unaenda kwa wakala, basi. Wakala ndiye anayefungua mfuko na kuzisambaza bahasha, na wanaozipokea wanadhani zimetoka Johannesburg.

Kwa hiyo mtoa huduma wako wa intaneti, au jamaa aliyekuuzia Wi-Fi, haoni tena orodha ya unakokwenda. Tovuti nazo zinaona anwani ya IP (nambari inayotambulisha kifaa mtandaoni) ya seva ya VPN, yaani kompyuta ya wakala, badala ya yako. Lakini angalia kilichobaki: wakala anaona kila kitu ambacho karani alikuwa akiona. Ulikuwa unamtegemea karani wa Accra Road, sasa unamtegemea mtu usiyemjua wa nchi nyingine. Kama huyo wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza, umelipa ili upate hasara. Karibu kila uamuzi utakaoufanya kuhusu VPN unarudi kwenye swali hilo: kati ya hawa wawili, nani afadhali?

Kuna mambo ambayo VPN haigusi kabisa. Haizuii ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie". Haizuii mtu kusajili upya laini yako na kuihamishia kwenye kadi yake. Ukijaza nenosiri kwenye ukurasa bandia wa benki, VPN itakufikishia nenosiri hilo kwa mwizi, tena kwa usalama mkubwa. Na ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google au Facebook, wao wanakujua kwa jina hata ukipitia seva ya Iceland.

Palipo na faida

Cha kwanza ni Wi-Fi ya watu. Simaanishi ya mikahawa na hoteli peke yake. Nairobi ina Wi-Fi za mtaa zinazouzwa kwa saa au kwa siku, ambapo unalipa shilingi chache kwa M-PESA kisha ukurasa unakufungulia. Kuna pia ploti ambako mtu mmoja amevuta faiba na kuigawa ghorofa tatu nzima, kila mpangaji analipa chake. Mitandao hiyo imewasaidia watu wengi na sina neno baya juu yake, ila ruta zake mara nyingi bado zina nenosiri lilelile la kiwandani. Yeyote anayelijua, hata kijana wa nyumba ya jirani, anaweza kuingia kwenye ruta na kubadilisha mpangilio wa DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa nambari ya IP, ili ukiandika jina sahihi upelekwe mahali pasipo sahihi. Mara nyingi simu itakuonya kwamba cheti cha tovuti, yaani hati inayothibitisha kuwa ni tovuti halisi, hakilingani, na wengi wetu hubonyeza "endelea". VPN nzuri hutumia DNS yake yenyewe ndani ya mfuko, kwa hiyo ruta ya ploti haipati nafasi ya kuingilia. Hali kadhalika mtu akifungua mtandao wenye jina sawa na wa mkahawa ulioketi na simu yako ikajiunga nao bila kukuuliza: atapata mfuko uliofungwa tu.

Cha pili ni kazi. Kampuni ikikupa VPN yake ili ufikie mafaili ya ofisini ukiwa Rongai au Kitengela, hiyo ni aina nyingine. Wakala hapo ni ofisi yako, na idara ya kompyuta inaweza kuona unachofanya ukiwa umeiwasha. Mambo ya binafsi usiyapitishe humo. Ukimaliza kazi, izime.

Cha tatu ni huduma kufungwa. Novemba 2023 Telegram ilisumbua nchini wakati wa mtihani wa KCSE, na Novemba 2024 ikafungwa tena kwa sababu hiyo hiyo, kudhibiti wizi wa mtihani. Wafanyabiashara waliokuwa na wateja wao Telegram, ambao hawakuwa na habari na mtihani wowote, walikwama. Ikifungwa programu moja namna hiyo, VPN huwa inapita. Hali ni tofauti mtandao mzima ukizorota, kama ilivyokuwa 25 Juni 2024 siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, au 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika. VPN hutembea juu ya intaneti iliyopo. Kama haipo, hakuna cha kuwasha, na kama ni dhaifu, VPN inaongeza mzigo.

Funzo la kiutendaji hapo: sakinisha mapema. Huduma ikishafungwa, huenda hata tovuti ya kupakulia VPN isifunguke, na ndipo watu wanapoanza kurushiana mafaili ya APK (ya kusakinishia programu) kwenye magrupu ya WhatsApp, mafaili ambayo hakuna ajuaye yametoka wapi.

Kuhusu filamu na mpira, nitakuwa mfupi. Ndiyo, kubadilisha nchi hubadilisha orodha ya filamu kwenye baadhi ya huduma. Huduma hizo zinajua anwani nyingi za seva za VPN na huzifungia, masharti yao yanakataza mchezo huo, na video ya ubora wa juu kupitia Ulaya itakula bando lako. Kama sababu yako ni hiyo tu, jaribu mwezi mmoja kabla ya kulipia mwaka.

Na kwa wanaofanya kazi za mtandaoni: usitumie VPN kudanganya nchi uliyopo. Jukwaa la Remotasks lilipoiondoa Kenya Machi 2024, wengi walipoteza riziki, lakini VPN si dawa ya jambo kama hilo. Majukwaa ya kazi hukagua kitambulisho, nambari ya simu, njia ya malipo na hata saa za eneo kwenye kompyuta. Akaunti ikifungwa, mara nyingi inafungwa na pesa zako ndani.

Kuchagua wakala

Rahisi ni ghali, na katika VPN ya bure msemo huo una ushahidi. Facebook ilinunua kampuni iitwayo Onavo mwaka 2013, na programu yake ya VPN ikatangazwa kuwa ni ya kulinda data ya mtumiaji. Wakati huo huo ilikuwa ikikusanya taarifa za programu gani watu wanatumia na kwa muda gani, kwa faida ya Facebook kibiashara. Apple ilitaka iondolewe dukani kwake Agosti 2018, mwaka uliofuata ikafungwa kabisa, na Julai 2023 mahakama ya Australia ikatoza kampuni mbili tanzu za Facebook faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kupotosha wateja. Mwaka 2015 ikafichuka kwamba Hola, VPN ya bure iliyokuwa na watumiaji mamilioni, ilikuwa ikitumia intaneti ya watumiaji wake kupitisha shughuli za watu wengine, na kuuza nafasi hiyo. Yaani mgeni wa mbali angeweza kufanya uhalifu na anwani ya IP ikaonyesha ni wewe.

Hapa kwetu kuna aina ya tatu, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ni zile programu kama HTTP Custom na HA Tunnel, zinazotumiwa pamoja na "faili" unayotumiwa kwenye grupu la Telegram au WhatsApp ili upate "neti ya bure". Programu yenyewe ni chombo tu. Faili ndiyo yenye siri: inaelekeza kila kitu cha simu yako kwenye seva ya mtu usiyemjua, aliyejipa jina la utani, na ambaye mara nyingi ameifunga faili ili usione imeandikwa nini. Huyo ndiye wakala wako. Mbali na kwamba ni kumwibia mtoa huduma, umemkabidhi mgeni ramani ya maisha yako kwa sababu ya bando la shilingi hamsini.

Sasa, wa kuaminika utamjuaje? Tazama kwanza anapata wapi pesa. Kampuni yenye wateja wanaolipa inaweza kuwa na mpango wa bure wenye mipaka, na hiyo inaeleweka. Kampuni isiyouza chochote inauza kitu ambacho hujaambiwa. Pili, tazama kama wakaguzi wa nje wamechunguza madai yake ya kutohifadhi kumbukumbu za wateja, na ripoti ipo wazi. Tatu, wakati mwingine dunia yenyewe humpima: Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad, kampuni ya VPN, mjini Gothenburg wakiwa na hati ya upekuzi, wakitaka data za wateja, wakaondoka mikono mitupu kwa kuwa data hizo hazikuwepo.

Kwa mtu anayeanza bila pesa, ningependekeza mpango wa bure wa Proton VPN, kampuni ya Uswisi. Hauna kikomo cha data, ingawa unakuruhusu kifaa kimoja kwa wakati na nchi haichaguliwi na wewe bali na programu yenyewe. Windscribe nao hutoa hadi GB 10 kwa mwezi bure ukithibitisha barua pepe yako. WARP ya Cloudflare inafaa kama shida yako ni Wi-Fi ya ploti peke yake, maana inafumba mawasiliano vizuri lakini haikupi nafasi ya kuchagua nchi. Ukitaka kulipa, Mullvad ni yuro 5 kwa mwezi, bei ile ile ukilipia mwezi au mwaka, na haitaki hata barua pepe yako. Unapewa nambari ya akaunti tu.

Huna kadi ya benki? Fungua kadi pepe ya Visa ya M-PESA GlobalPay, weka kiasi unachohitaji, ulipe. Ina faida moja ya ziada: kampuni nyingi za VPN hukata pesa zenyewe muda ukiisha, tena kwa bei ya juu kuliko ile ya ofa ya kwanza. Kama M-PESA haina salio, hawana cha kukata. Na ofa za "lipa mara moja, tumia maisha" ziache zilivyo. Seva zina gharama kila mwezi. Anayekuahidi maisha yote kwa malipo ya siku moja, jiulize atazilipia na nini mwaka wa tatu.

Kuiweka kwenye simu

1. Ipakue Play Store, siyo kwenye kiungo ulichotumiwa. Kabla ya kubonyeza, soma jina la kampuni chini ya jina la programu. Kwa Proton VPN lazima liwe Proton AG. Kuna programu nyingi zenye alama za ngao na majina yanayofanana.

2. Fungua akaunti kwa nenosiri ambalo hulitumii kwingine.

3. Ukibonyeza kuunganisha kwa mara ya kwanza, Android itakuuliza kama unairuhusu programu hii kuunda muunganisho wa VPN na itakuonya kuwa inaweza kufuatilia mtandao wako. Onyo hilo ni la kweli, ndiyo maana tulichukua muda kumchagua wakala. Kubali hilo pekee. Ikiomba kuona anwani za marafiki zako, kusoma SMS au kupiga simu, ifute. VPN haihitaji hata kimoja. Ikishaunganishwa utaona alama ndogo ya ufunguo juu ya skrini.

4. Ingia kwenye mipangilio ya programu na utafute itifaki, yaani njia ambayo VPN inatumia kufunga na kusafirisha mfuko. Chagua WireGuard, au acha programu ijichagulie. WireGuard iliingizwa kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux Machi 2020. Ni nyepesi, inaunganisha upesi mtandao ukibadilika kutoka Wi-Fi kwenda data, na haichoshi betri sana. OpenVPN ni ya zamani zaidi na nzito, lakini ina faida mtandao fulani ukizuia WireGuard. Ukikuta PPTP, ambayo ni ya miaka ya 1990, iache. Ulinzi wake ulishavunjwa zamani.

5. Kama programu yako inakuruhusu kuchagua, chagua seva iliyo karibu. Hili linadharauliwa na ndilo linalofanya watu waseme VPN ni ya polepole. Tangu mapema miaka ya 2000 Nairobi ina kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP, ambapo mitandao ya Kenya hukutana hapa hapa. Ukifungua tovuti iliyohifadhiwa Nairobi bila VPN, data inaweza isitoke mjini. Ukiwasha VPN ya New York, ombi lako linashuka Mombasa, linapita baharini hadi Marekani, linarudi Nairobi kuchukua ukurasa, linaenda tena Marekani, kisha ndipo linakufikia. Kama huna sababu ya kutaka nchi fulani, jaribu seva ya Kenya kama ipo, kisha Afrika Kusini, kisha Ulaya. Marekani iwe ya mwisho.

6. Amua kama unataka iwe imewashwa wakati wote. Kwenye Mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya mtandao, halafu VPN, bonyeza alama ya gurudumu kando ya jina la programu. Kuna swichi mbili: ya kwanza huiwasha yenyewe kila mara, ya pili huzuia intaneti yote VPN ikikatika. Ya pili ni muhimu kwa mwandishi wa habari, mwanaharakati, au yeyote ambaye sekunde chache za kuonekana zinaweza kumletea shida. Kwa wengine ni kero. Mimi naona mtu wa kawaida aziache zote mbili na awashe mwenyewe anapoingia Wi-Fi ya watu.

7. Simu za Tecno, Infinix na itel zina tabia ya kuua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kuokoa betri, na VPN ni mhanga wa kwanza. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu yako ya VPN, uiruhusu kufanya kazi bila vizuizi. Kama una programu ya Phone Master, angalia na humo pia. Usipofanya hivi utawasha VPN, uweke simu mfukoni, na ukifika Westlands ufunguo haupo na hujui umetoweka lini.

Kuipima

Izime kwanza. Fungua ipleak.net kwenye kivinjari, uone nchi na mtoa huduma anayeonyeshwa: itakuwa Kenya na jina la kampuni yako ya intaneti. Iwashe, fungua ukurasa upya. Nchi inapaswa kubadilika, au jina la mtoa huduma kama uko kwenye seva ya Kenya au unatumia WARP. Sasa shuka hadi sehemu ya DNS. Kama IP inasema Afrika Kusini lakini orodha ya DNS bado ina jina la mtoa huduma wako wa Nairobi, mfuko una tundu: bahasha zinafichwa lakini bado unamuuliza karani njia. Kwenye Android, angalia kama kuna DNS ya kibinafsi uliyoiweka mwenyewe kwenye mipangilio ya mtandao. Irudishe kuwa ya kujiendesha, upime tena.

Kama unatumia VPN iliyo ndani ya kivinjari cha Opera, kumbuka inafunika kivinjari hicho peke yake. WhatsApp, barua pepe na programu nyingine zinapita nje yake kama kawaida.

Bando, benki na M-PESA

Hapa ndipo watu wa Nairobi hupoteza pesa bila kujua. Ukinunua bando la WhatsApp au la TikTok, mtoa huduma anajua alipishe kwa bando hilo kwa sababu anaona data inaenda WhatsApp au TikTok. Ukiwasha VPN hawezi kuona. Kwake yeye ni mfuko mmoja unaoenda Johannesburg, kwa hiyo anakata kwenye data ya kawaida, na ukiwa huna, kredo inaanza kuyeyuka. Zima VPN unapotumia bando maalumu. Au iondoe programu hiyo kwenye VPN, kama nitakavyoeleza.

Na mzigo wa mfuko wenyewe? Ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. WireGuard huongeza baiti 60 kwa kila pakiti (kipande cha data) kwenye mtandao wa IPv4, ule wa anwani za IP za kawaida, na pakiti iliyojaa ni kama baiti 1,500. Hiyo ni asilimia 4, au takriban MB 40 kwa kila GB. Kwenye simu za sauti uwiano hupanda kwa kuwa pakiti zake ni ndogo, lakini simu zenyewe hazili data nyingi. OpenVPN huongeza zaidi kidogo.

M-PESA ya menyu ya laini au *334# haipiti kwenye intaneti, kwa hiyo VPN haiigusi. Programu za simu za M-PESA na za benki ndizo zinazopita. Mfumo wa benki ukiona uko Nairobi saa nne na Amsterdam saa nne na dakika tano, una haki ya kushtuka, na unaweza kukufungia hadi uthibitishe ni wewe. PayPal ni mkali zaidi. Dawa ni kuziondoa programu za pesa kwenye VPN: katika mipangilio ya programu nyingi kuna sehemu ya kuchagua zipi zisipite humo, ingawa baadhi ya kampuni huitoa kwa wanaolipa tu. Kama huna, zima VPN, hamia data ya simu badala ya Wi-Fi ya mkahawa, fanya muamala, rudi.

Laptopu juu ya hotispoti

Kwenye Android, VPN ya simu kwa kawaida hailindi vifaa vilivyounganishwa kwenye hotispoti yake. Simu ina ufunguo juu ya skrini, laptopu iliyo pembeni inapita wazi. Kwa hiyo weka programu ya VPN kwenye laptopu yenyewe, na uizime kwenye simu ili usifumbe mara mbili bure. Fahamu pia kwamba Windows iliyoko kwenye hotispoti hupenda kupakua masasisho. Iambie mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, uwe na VPN au usiwe nayo.

Kamera ya duka na kompyuta ya nyumbani

Matumizi haya hayatajwi kwenye matangazo, na kwa mwenye biashara huenda ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Una kamera kwenye duka lako Eastleigh na unataka kuiona ukiwa nyumbani. Fundi atakwambia afungue mlango kwenye ruta ili kamera ionekane kutoka nje. Mlango huo unaonekana na dunia nzima, na kuna mashine zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta kamera zenye nenosiri la kiwandani. Isitoshe, mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo mara nyingi hata mlango wenyewe haufunguki.

Tailscale, VPN ya kuunganisha vifaa vyako mwenyewe, hutatua yote mawili. Imejengwa juu ya WireGuard na ni bure kwa matumizi ya binafsi. Unaiweka kwenye kompyuta ya dukani iliyo mtandao mmoja na kamera, unaiweka kwenye simu yako, unaingia kwa akaunti moja, na vifaa viwili vinaonana popote vilipo kana kwamba viko chumba kimoja. Ili kuifikia kamera yenyewe, kompyuta ya dukani inapaswa kuruhusiwa kutangaza mtandao wa ndani. Ni mpangilio mmoja kwenye ukurasa wa usimamizi na amri moja kwenye kompyuta. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti uliyoingilia, maana sasa hiyo akaunti ndiyo ufunguo wa duka.

Ukivuka mpaka

Kenya haina sheria inayokataza VPN. Kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 hubaki kosa hata ukilifanya ukiwa nyuma ya seva ya Ulaya. Kwa majirani mambo hutofautiana. Tanzania, kupitia TCRA, mamlaka yake ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, na watu huko walishazoea VPN tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 za Uganda kwa siku iliyoanza Julai 2018. Falme za Kiarabu huzuia simu za WhatsApp, jambo linaloumiza Wakenya wengi walioko kazini Dubai, na sheria yake inaweka faini kuanzia dirhamu 500,000 kwa anayetumia VPN kutenda kosa au kulificha. Kama una ndugu huko, usimtumie faili ya VPN na kumwambia "weka hii tutaongea". Kwanza atafute programu za kupiga simu zilizoidhinishwa nchini humo.

Ikigoma

Wi-Fi ya hoteli haifunguki VPN ikiwa imewashwa: izime, fungua ukurasa wa kuingilia, kubali masharti au weka nambari, kisha iwashe. Kama ulichagua ile swichi ya kuzuia intaneti bila VPN, ukurasa huo hautatokea kamwe mpaka uiondoe kwa muda.

Imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka: angalia saa na tarehe ya simu kwanza, maana saa isiyo sahihi huvuruga vyeti. Kisha badilisha seva, kisha itifaki, kwa mpangilio huo.

Tovuti inakutaka uthibitishe kila dakika kwamba wewe si roboti: unatumia anwani moja ya IP na mamia ya watu wengine, na mmoja wao amefanya fujo. Hamia seva nyingine ya nchi hiyo hiyo.

Bando limeisha ghafla: kabla ya kulaumu VPN, nenda kwenye mipangilio ya simu uone matumizi ya data kwa kila programu. Kwenye simu nyingine VPN inaonekana imekula kila kitu kwa sababu data ya programu zote imepita humo, ilhali mlaji ni video zinazojicheza zenyewe.

Na ukiona kasi imeshuka hadi huwezi kufanya kazi, hata kwenye seva ya karibu, na uko nyumbani kwenye faiba yako mwenyewe yenye ruta uliyoibadilisha nenosiri, izime.